Mume Wangu wa Ijumaa

Nimeolewa mara mbili na wanaume wa kweli na mara moja na mwanamume wa televisheni, na ukiniuliza ninayemkumbuka ni yupi, sihitaji muda wa kufikiri. Wa kwanza alikuwa wakala wa bima. Wa pili alikuwa mlevi mwenye sauti nzuri. Wa tatu aliitwa Clem Hutchins, na kila Ijumaa kwa miaka saba, mbele ya watu mia tatu waliokaa kwenye viti vya studio, nilimpikia chakula kisichoiva naye akakila na kukisifu.

Clem hakuwa mtu, najua, msinifundishe kazi. Mtu alikuwa Emmett Varga, mwigizaji mrefu mwenye masikio makubwa, ambaye tukishamaliza kurekodi alivua koti la Clem, akalitundika mahali pake, akaendesha gari hadi Van Nuys kwa mkewe. Mimi nami nilivua aproni ya Opal Hutchins, nikawa tena Verna Kolstad, nikarudi Burbank kwa mlevi wangu. Nje ya kamera hatukugusana hata siku moja. Mbele ya kamera pia tulilazwa vitanda viwili vyenye meza katikati, maana ndivyo wakubwa wa kituo walivyotaka miaka hiyo. Sasa mtu anampendaje mwanamume wa namna hiyo? Sijui. Nilimpenda tangu mwaka wa pili wa kipindi, nikafunga mdomo, kwa sababu mkewe alikuwa mwanamke mwema aliyeniletea keki kila siku yangu ya kuzaliwa. Angekuwa mshenzi kidogo tu, ningemshukuru.

Kipindi chetu kilifutwa mwaka 1966, kwa simu, katikati ya likizo ya kiangazi. Hatukupewa nafasi ya kuaga. Kisa chetu cha mwisho kilihusu mashine ya kufulia iliyojaza povu sebuleni, basi. Watu waliotufungulia milango yao miaka saba hawakuambiwa akina Hutchins wamehama, wamezeeka au wameachana. Waliandika barua kwa magunia. Mama mmoja wa Nebraska alituma sweta ya Clem, akaomba apelekewe kokote aliko. Nilikaa na sweta ile mwezi mzima kabla ya kumpa Emmett, na sitaeleza niliifanya nini.

Miaka saba ikapita. Februari 1973 akanipigia simu Marv Lasker, mwandishi mkuu wa kipindi kilichokuwa kikishika nafasi ya kwanza Jumamosi usiku, kinaitwa Ghorofa ya Nne. Kinahusu msichana mmoja wa Chicago, Connie, na majirani zake wehu. Kilitengenezwa na kampuni ileile iliyotutengeneza sisi, studio ileile, hata ngazi ya jukwaani ilikuwa ngazi yetu iliyopakwa rangi ya kijani.

"Verna, mama, bado unapumua?" akasema.

"Napumua kwa mkopo. Unataka nini?"

"Namtaka Opal. Connie anahitaji shangazi kutoka Ohio aje kumtembelea wiki moja. Nikasema, kwa nini tuzue shangazi mpya na tunaye wa zamani kabatini?"

Nikakaa chini. Ni lazima mjue kwamba kampuni yetu ilikuwa na tabia moja: vipindi vyake vyote viliishi katika dunia moja. Muuza maziwa wa kipindi cha kwanza aliwahi kupita jikoni kwangu. Daktari wa meno aliyening'oa jino mwaka 1962 alikuwa baba mkwe wa sherifu wa kipindi kingine kabisa. Katika chumba cha chini cha jengo la waandishi alikaa bibi mmoja, Ruthanne Oberst, na masanduku ya kadi, kila mhusika na kadi yake: kazaliwa wapi, kamuoa nani, anaogopa mbwa au haogopi. Mtazamaji wa Kansas akiandika barua ya ukali kwamba jambo fulani haliwezekani kwa sababu mwaka 1959 lilisemwa vingine, Ruthanne ndiye aliyemjibu. Na sheria yake ilikuwa moja tu. Kikisemwa hewani, kimekuwa. Hakifutiki, si katika kipindi kile tu, bali katika vyote.

Kwa hiyo Opal kuingia kwa Connie maana yake ilikuwa kwamba nyumba yetu ya Ohio bado ipo. Nilivaa viatu vyekundu siku hiyo kwenda sokoni, kununua vitunguu.

Mswada ulikuja Jumatatu. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni, nikafika ukurasa wa kumi na nane. Bwana Zelnik, mtunza jengo la Connie, mseja mzee anayemtongoza kila mwanamke mwenye meno, anamuuliza Opal mumewe yuko wapi. Opal anajibu: "Makaburini. Kwa mara ya kwanza tangu anioe, najua anakolala."

Aliyenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe, kwa sababu nilicheka. Clem kila siku alikuwa anapotea gerejini, bustanini, kwa jirani, miaka saba nilizunguka jukwaani nikiita "Clem! Clem!" Kichekesho kilikuwa kizuri. Nikacheka, kisha nikauweka mswada juu ya jiko. Walikuwa wamemuua kwa mstari mmoja.

Nikaenda kwanza kwa Ruthanne. Akaitoa kadi, akaisoma kupitia miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Hutchins, Clement. Yu hai," akasema. "Lakini ukishasema hewani kwamba amekufa, Verna, nitaandika amekufa. Mimi si Mungu, mimi ni karani."

Kisha nikaenda kwa Marv. Alikuwa anakula sandwichi ya nyama ya pastrami juu ya karatasi za watu.

"Kwa nini afe?" nikamuuliza.

"Kwa sababu Zelnik anakutongoza nusu nzima ya pili ya kipindi. Mke wa mtu akitongozwa saa mbili usiku, kituo kinanipigia simu. Mjane, hamna neno."

"Mfanye mwingine awe mjane. Mlete shangazi mwingine."

"Watu wanamtaka Opal."

"Wanawataka Opal na Clem, wewe Marv! Hakuna mtu aliyewahi kumtaka Opal peke yake, hata mimi mwenyewe."

Akaweka sandwichi chini. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. "Dada yangu, Emmett amepata kiharusi. Hawezi kuja. Ningempata Emmett, ningemwandikia mlango mzima wa kuingilia, apigiwe makofi mpaka paa litoke. Sina Emmett. Nina kiti kitupu, na kiti kitupu lazima kielezwe."

Nilikuwa najua habari ya kiharusi. Kilikuwa kimempata vuli iliyopita, mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe, na sasa alikaa kwenye nyumba ya waigizaji wastaafu kule bondeni. Nilikuwa nimemtembelea mara mbili tu, kila mara na jirani, ili nisije nikabaki peke yangu naye nikasema jambo.

Jumatano nikaenda peke yangu. Nilikuwa nimeamua kumweleza mapema, asiusikie mstari ule kwenye televisheni kama mgeni. Nikamkuta amenyolewa nywele. Amevaa tai. Mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu cha kuazima, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kuchokoza.

"Opal," akasema. Ulimi ulikuwa mzito kidogo. "Umechelewa. Chakula kimeungua?"

"Nimekiunguza kwa makusudi, usidhani ni bahati mbaya."

Muuguzi akacheka, akaniambia pembeni: "Huyu bwana hatupumzishi. Kila mtu hapa ameshaambiwa. Jumamosi ile kipindi kikionyeshwa, viti vyote vya ukumbini vimeshawekewa majina. Anasema akina Hutchins wanarudi."

Wanarudi. Wingi. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Nikakaa, nikaufungua mswada kwenye ukurasa wa kumi na nane, nikamwekea mapajani. Zamani tulifanya hivyo kila Jumanne, kusomeana mistari. Akasoma polepole, kidole cha kushoto kikifuata maneno. Akafika. Nikaona kidole kimesimama. Kisha akacheka, kicheko chake kile cha puani.

"Kizuri," akasema.

"Najua ni kizuri, ndiyo maana nimekasirika."

"Nimekufa kwa nini?"

"Hawakuandika."

"Waambie moyo. Isiwe kuanguka kwenye ngazi. Watu wote watasema Clem alikuwa anastahili."

"Emmett, nitawaambia wakiondoe."

"Hapana." Akanitazama vizuri. "Kichekesho kikileta kicheko, unakisema. Tumekula mkate huu miaka mingapi? Usinionee huruma mbele ya kamera, Verna. Nionee huruma hapa, napenda."

Ningeweza kumwambia pale. Mlango ulikuwa umefungwa, muuguzi ameondoka, mkono wake mzima uko umbali wa shibiri moja kutoka kwangu. Nilichosema ni: "Tai yako imepinda." Nikainyoosha, nikaondoka. Kwenye gari nikajitukana mpaka Burbank.

Ijumaa ikafika. Kwa wasiojua: tunarekodi mara mbili siku moja, kwa watazamaji tofauti, saa kumi jioni na saa moja, kisha mhariri anachukua kilicho bora katika kila kimoja. Katikati tunakula, na mwandishi mkuu anapita na makaratasi yake akituambia tulichokosea.

Saa kumi niliingia kwa mlango wa Connie nikiwa na sanduku langu na kofia ya Opal. Walipiga makofi hata nikasahau mstari wa kwanza. Kulikuwa na wanawake wanaolia. Nikajua wananikumbuka pamoja na sebule zao za zamani, na waume zao walivyokuwa wembamba. Tukafika ukurasa wa kumi na nane. Gus Amory, anayemwigiza Zelnik, akauliza: "Na mumeo yuko wapi, bibie?" Nikasema kama ilivyoandikwa. Kicheko kikaja kikubwa. Lakini ndani yake, upande wa kushoto, nikasikia mtu akisema "Aaah," kwa sauti ndogo, namna unavyosema ukiambiwa habari ya jirani.

Wakati wa kula Marv alinishika mabega. "Safi kabisa. Usiguse hata nukta."

"Sawa, Marv."

Nami nilimaanisha. Naapa nilimaanisha. Mimi ni mtu wa kazi; miaka thelathini sijabadilisha mstari wa mtu. Saa moja nikaingia tena, sanduku, kofia, makofi. Gus akaegemea ufagio wake, akapandisha nyusi.

"Na mumeo yuko wapi, bibie?"

Nikafungua mdomo. Makaburini. Neno lilikuwa pale, limekaa juu ya ulimi, na nikashindwa. Nilimwona Emmett na tai yake, ukumbi umejaa wazee wenye majina kwenye viti. Nikawaza kwamba katika dunia hii yote kuna mahali pamoja tu ambapo mwanamume yule ni wangu, napo ni hapa, kwenye mbao hizi zilizopakwa rangi, na wananiomba nipafunge kwa mkono wangu mwenyewe.

"Yuko chini," nikasema. "Anatafuta pa kupaki gari."

Nikamwona Marv nyuma ya kamera ya pili amefumba macho. Kisha huko juu mtu akapiga kofi moja. Wa pili akaitikia. Halafu jambo likatokea ambalo hakuna aliyelipanga: watu mia tatu wakasimama, wakageuza shingo kuutazama mlango wa Connie, wakapiga makofi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye viti vile anajua mgeni akitajwa hivyo, anaingia. Walidhani tumewaandalia zawadi. Walidhani Clem yuko nyuma ya mlango ule, anasubiri wanyamaze. Na hawakunyamaza. Msichana anayemwigiza Connie naye akageuka akautazama mlango. Mpiga kamera akageuza kamera kwenye mlango. Na mimi, mtu mzima wa miaka sitini na moja, ninayejua kwamba nyuma ya mlango ule kuna ndoo ya mchanga na mtu wa umeme, nilikuwa nimeutazama pia, nikingoja.

Gus ndiye aliyetuokoa. Akatembea taratibu, akaufungua mlango, akachungulia kushoto na kulia, akarudi.

"Kupaki, mtaa huu?" akasema. "Tutamwona Jumatano."

Walianguka kwa kicheko. Gus akaufunga mlango, akanisogelea na ufagio wake. "Basi, bibie, nina siku nne." Na akanitongoza nusu nzima ya pili, kila dakika akikimbilia dirishani kuangalia kama Clem ameshapata nafasi, na ilichekesha kuliko chochote kilichoandikwa.

Marv alinifuata chumba cha kuvalia. "Umenivunjia mswada."

"Nimeuvunja."

"Ningekufukuza, ila siku yako ni moja tu na imeshakwisha." Akakaa juu ya sanduku la viatu, akajipangusa uso. "Nina mbili sasa. Katika moja amekufa, katika nyingine anapaki. Nitachagua kilicho bora, Verna, si kilicho kizuri kwako. Usinipigie simu."

Sikupiga. Siku nane nilikaa na simu kama mtu na mbwa asiyemwamini. Jumamosi nikavaa viatu vyekundu, nikaenda bondeni.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwepo wachekeshaji ambao majina yao yaliwahi kuandikwa kwa taa, sasa wanagombania mto wa kukalia. Emmett alikuwa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, koti na tai, ameniwekea nafasi upande wa mkono wake mzima. Sikuwa nimemwambia nilichofanya. Ningemwambiaje, na sikujua kama kimebaki?

"Wakicheka sana nikifa," akaninong'oneza, "nitakudai nusu ya malipo."

Kipindi kikaanza. Nikajiona nikiingia na sanduku. Wazee wakapiga makofi, mmoja akaniambia nimenenepa. Saa ya ukutani ikasogea. Gus akaegemea ufagio. Niliushika mkono wa kiti cha Emmett kwa nguvu.

"Na mumeo yuko wapi, bibie?"

"Yuko chini. Anatafuta pa kupaki gari."

Emmett akageuza kichwa akanitazama. Kwenye televisheni lile kofi moja likalia, kisha yale mengine, na mhariri, Mungu ambariki, hakukata hata moja. Mlango wa Connie ukajaza kioo kizima. Makofi yakaendelea. Wazee wa ukumbini wakaanza nao, kwa mikono yao ya mifupa, wakimgeukia yeye, wengine wakiita "Clem! Clem!"

Nilidhani angecheka. Badala yake niliona mgongo wake umenyooka. Akashusha mguu mmoja kutoka kwenye kibao cha kiti, kisha wa pili. Mkono wa kushoto ukakamata kiti, na kabla sijaelewa anafanya nini, alikuwa anainuka. Muuguzi akapiga hatua kutoka mlangoni, nikamzuia kwa kiganja. Nilikuwa nimeiona ile sura mara mia mbili na zaidi, gizani, pembeni ya jukwaa: mtu anayesikia makofi yake na anajua bado hatua tatu afike mwangani. Nikasimama nikamshika kiwiko. Alikuwa mzito, anatetemeka mwili mzima, lakini alisimama kwa miguu yake, kifungo cha koti kimefungwa, anautazama mlango ule. Na nikaelewa nilichomfanyia. Nilitaka awe hai, basi; sikuwaza kwamba nimewaambia watu wote wa Amerika kwamba anakuja.

Kwenye televisheni Gus akafungua mlango, akachungulia, akasema maneno yake. Kicheko. Akaufunga.

Ukumbi ukanyamaza mzee mmoja baada ya mwingine. Emmett alibaki amesimama.

"Amefunga mapema," akasema, na sauti yake haikuwa ya Clem. "Verna, amefunga mapema. Nilikuwa nimeshafika."

"Najua," nikamwambia. "Nilikuona."

Akanitegemea uzito wake wote, na nilikuwa sijawahi kujua, miaka yote ile, mwili wake una joto kiasi gani. Kipindi kikaendelea bila sisi. Tulisimama vile mpaka muuguzi aliposogeza kiti nyuma yake.